Bustani ya uani Minnesota: mbegu haioti, mche umelala, sungura ameshiba

Aliyelima Kisii, Mbeya au Bukavu akifika Minnesota anakuja na ujuzi wake wote wa shamba, isipokuwa mmoja: kujua siku ya kuanza. Nyumbani mvua ndiyo inayofungua msimu. Masika yakishika, jembe linatoka. Huku mvua haifungui chochote. Itanyesha Aprili, jua litawaka, jirani atatoka na kaptula kuosha gari, na udongo sentimita tano chini utakuwa bado na nyuzi 6 tu. Matatizo mengi ninayoulizwa kati ya Aprili na Juni yanaanzia hapo. Mtu ameangalia hewa, lakini mbegu inasikia udongo.

Kwa hiyo kabla ya kununua mbolea au dawa yoyote, nunua kipimajoto cha udongo. Bei yake ni ndogo. Kichomeke sentimita 5 hadi 10 chini, asubuhi, na urudie siku tatu au nne mfululizo, kwa sababu mchana mmoja wenye jua unadanganya. Hapa chini nazungumzia Minneapolis, St. Paul na viunga vyake kama Brooklyn Park. Aliye Iowa au Ohio aanze mapema kidogo kuliko tarehe zangu. Aliye Duluth achelewe kuliko tarehe hizo. Nyuzi nimezitaja kwa Selsiasi, na Farenhaiti kando yake, maana ndizo zilizoandikwa kwenye pakiti za mbegu za huku.

Bustani ya kichwani ni kubwa, ya uani haianzi

Huu ni ugonjwa wa Januari. Nje theluji imefika magotini, mtu ameketi sebuleni na katalogi ya mbegu, orodha inafika mazao ishirini. Mei inafika, zamu za kazini ni zile zile, na uani hakuna hata tuta moja. Sababu ya kwanza ni ukubwa. Tuta moja la mita 1.2 kwa 2.4 linatosha mwaka wa kwanza, na likitunzwa litakulisha sukuma wiki mpaka uchoke. Upana huo si wa kubahatisha: unafikia katikati kwa mkono kutoka kila upande bila kukanyaga udongo.

Sababu ya pili wengi wetu hatuitegemei, kwa sababu tumetoka karibu na ikweta, ambako jua linapita utosini na upande wa nyumba haujalishi sana. Minneapolis iko nyuzi 45 kaskazini. Saa sita mchana jua liko kusini, mwaka mzima, na upande wa kaskazini wa nyumba unabaki kivulini saa nyingi za siku. Nimeona tuta zuri la mbao, udongo wa gharama, limewekwa kaskazini mwa gereji kwa sababu hapo ndipo palipokuwa wazi. Nyanya zake zilikuwa majani matupu. Chagua kusini au magharibi, na ndani ya bustani yenyewe panda mahindi na maharage ya kutambaa upande wa kaskazini ili yasivifunike vifupi. Ukipima kivuli mwezi wa Aprili kumbuka pia kwamba miti haijavaa majani. Mahali penye jua tele leo panaweza kuwa giza Juni. Mazao ya matunda (nyanya, pilipili, bamia) yanataka jua la moja kwa moja kwa muda wa saa 6 hadi 8 kila siku. Mboga za majani zinavumilia saa nne au tano.

Umepanga nyumba? Mwombe mwenye nyumba ruhusa kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unatosha. Na kama utachimba mashimo ya nguzo za uzio, piga 811 siku chache za kazi kabla. Huduma ni bure: watakuja kuweka alama mahali mabomba ya gesi na nyaya za umeme zinapopita.

Nyumba ni ya zamani: udongo wake ni salama?

Rangi za nyumba zenye madini ya risasi zilipigwa marufuku Marekani mwaka 1978. Nyumba iliyojengwa kabla ya hapo inaweza kuwa imemwaga vumbi na magamba ya rangi kwenye udongo unaozunguka kuta kwa miongo kadhaa, na risasi haiozi wala haioshwi na mvua. Ikiingia mwilini mwa mtoto inadhuru ubongo. Maabara ya udongo ya Chuo Kikuu cha Minnesota hupima sampuli unazotuma kwa posta. Kipimo cha kawaida kinakueleza uchachu na rutuba tu, kwa hiyo kipimo cha risasi lazima ukiombe mwenyewe na kukilipia zaidi.

Wakati unasubiri majibu, kaa mbali na kuta. Ama jenga tuta la kuinuliwa, ulijaze udongo ulionunua. Tuta la ukubwa niliotaja, lenye kina cha sentimita 25, linameza karibu yadi moja ya ujazo, ambacho ndicho kipimo cha wanaouza udongo kwa lori. Kununua kwa mifuko kunakula fedha nyingi zaidi. Tena usimwage udongo mtupu: changanya na mboji, karibu theluthi moja, la sivyo mvua ya kwanza itaugandamiza.

Nimepanda, wiki mbili zimepita, hakuna kilichoota

Usimwage mbegu nyingine juu yake. Fukua kwanza. Jibu liko ndani ya shimo.

Ukikuta mbegu imelainika, ukiibonyeza inatoka uji, imeoza kwa baridi na maji. Hiki ndicho kisa cha kila mwaka, hasa kwa maharage. Mbegu za huku ziko katika makundi mawili, na ukiyachanganya umepoteza mwezi. Njegere, figili, spinachi na sukuma wiki zinaanza kuota udongo ukifika nyuzi 7 (45 za Farenhaiti). Hizo waweza kuzipanda kuanzia katikati au mwisho wa Aprili, na zikipigwa na baridi kidogo hazijali. Sukuma huwa tamu zaidi baada ya baridi, kwa sababu mmea unajiwekea sukari. Kundi la pili ni watoto wa joto. Maharage na mahindi yanataka nyuzi 16 (60 za Farenhaiti). Mchicha, kunde, bamia na maboga yanataka 18 hadi 21 (65 hadi 70). Kwa Minneapolis hiyo ni mwisho wa Mei, mara nyingine wiki ya kwanza ya Juni. Wakulima wengi wa hapa husubiri sikukuu ya Memorial Day, Jumatatu ya mwisho ya Mei, nami sijaona faida ya kumtangulia mtu katika hili. Bamia iliyopandwa Juni 1 kwenye udongo wa joto huipita ile iliyozikwa Mei 5 ikashinda inatetemeka.

Ukikuta mbegu ngumu, kavu, kama ilivyotoka kwenye pakiti, shida ni maji. Labda mwagilio wako unaishia juu. Chimba kidole kimoja uone.

Ukikuta imechipuka lakini imetobolewa, na ndani kuna funza mdogo mweupe, huyo ni funza wa nzi anayependa maharage na mahindi. Mama yake hutafuta udongo wa baridi wenye samadi mbichi au majani yaliyofukiwa karibuni. Dawa yake ni kungoja joto na kutumia mboji iliyoiva badala ya samadi mbichi.

Ukikuta shimo tupu, mshitakiwa ni kindi au ndege. Kindi wa huku hukumbuka mahali ulipofukia mahindi kuliko wewe. Laza wavu wa waya juu ya tuta mpaka miche isimame.

Ukikuta imeota vizuri ila imejikunja chini ya gamba gumu la udongo, basi mvua kubwa ilipiga mfinyanzi wako ukaweka ukoko juu. Uvunje taratibu kwa vidole, nyunyiza maji kidogo kidogo, na safari nyingine funika mbegu kwa mboji badala ya udongo ule mzito.

Mchicha una kosa lake peke yake, la kina. Mbegu yake ni ndogo mno. Ikizikwa sentimita mbili haifiki juu. Imwage juu ya tuta lililolainishwa, ipitishie mkono, ibonyeze kwa ubao, basi. Wakongomani wenzangu wanaoulizia lengalenga, ni hivyo hivyo.

Na kuna mbegu ambayo ilikuwa imekufa tangu mwanzo. Weka kumi kwenye karatasi ya jikoni yenye unyevu, kunja ndani ya mfuko wa plastiki, weka mahali pa joto. Baada ya wiki moja hivi (pilipili mpe mbili) hesabu. Zikiota saba au nane, panda. Zikiota tatu, panda nyingi zaidi au tupa.

Hapa niseme jambo kuhusu mbegu za kwenye leso. Sheria ya Marekani inataka mbegu zinazoingia na msafiri zitangazwe forodhani, na kwa kawaida ziwe na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi zilikotoka. Zisipokuwa nacho huchukuliwa uwanja wa ndege. Zaidi ya sheria kuna hesabu. Mahindi ya nyanda za juu, kama H614 ya Kitale, yanataka miezi sita na zaidi shambani. Kipindi chetu kisicho na jalidi, yaani baridi ya usiku inayogandisha na kuua mimea, ni kama miezi mitano. Yatarefuka mpaka majirani wapige picha, kisha Oktoba itayaua kabla punje hazijajaa. Tafuta aina za siku 75 hadi 90 zinazouzwa hapa, uzipande katika mraba wa mistari mitatu minne, usipange mstari mmoja mrefu kandokando ya uzio, maana chavua ya mahindi husafirishwa na upepo na mstari mmoja hutoa magunzi yenye mapengo.

Miche ya ndani imerefuka, imepauka, inalala

Inatafuta mwanga. Dirisha la Machi halitoshi, hata likitazama kusini. Nunua taa ya LED ya kawaida ya gereji, ining'inize juu ya miche, karibu kiasi cha sentimita 15 hadi 30 kutegemea nguvu yake, iwake saa 14 hadi 16 kwa siku. Joto jingi hukuza tatizo: kama ulitumia mkeka wa umeme wa kupasha trei joto, mbegu ikishaota iondoe hapo. Nyanya zilizorefuka unaweza kuziokoa kwa kuzizika shina mpaka karibu na majani ya juu, kwa sababu shina lake linatoa mizizi. Sukuma na pilipili usizizike hivyo.

Sababu nyingine ya urefu ni haraka. Nyanya hupandwa ndani wiki 6 hadi 8 kabla ya jalidi ya mwisho, pilipili 8 hadi 10. Aliyeanza nyanya Februari atakuwa na msitu sebuleni na hana pa kuupeleka. Ushauri wangu kwa mwaka wa kwanza: miche ya nyanya na pilipili nunua, ya sukuma otesha mwenyewe.

Miche imekatika shingo ikalala, jana ilikuwa mizima

Tazama shina linapogusana na udongo. Likiwa limenyauka, jembamba, la kahawia, ni kinyausi. Vimelea vyake vinaishi kwenye udongo uliotumika na trei chafu, na vinashamiri penye maji mengi, baridi na msongamano. Mche ulioanguka haurudi, hivyo uutoe pamoja na udongo wake. Iliyobaki ipe upepo wa feni ndogo, punguza maji, na mwagilia kwa kuweka trei ndani ya sinia la maji ili unyevu upande kutoka chini. Mwakani tumia mchanganyiko mpya wa kuoteshea, na trei ziloweke kwenye jiki, sehemu moja kwa tisa za maji, kisha uzisuuze.

Nimehamishia nje, majani yana mabaka meupe

Jua limeyababua. Majani yaliyokulia chini ya taa hayajawahi kuona jua halisi wala upepo. Miche inahitaji siku 7 hadi 10 za kuzoeshwa: siku ya kwanza saa moja au mbili kivulini, kila siku uongeze muda na jua, usiku irudi ndani. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Majani yaliyobabuka hayaponi ila mche ukiota majani mapya yakiwa ya kijani safi, umepona. Iliyonunuliwa nayo iulizie: kama ilikuwa ndani ya banda la vioo dukani, izoeshe vile vile.

Majani yamegeuka zambarau chini

Mizizi imepigwa baridi, haiwezi kunyonya fosforasi hata kama ipo tele. Ni kawaida kwa nyanya na mahindi ya mapema. Usikimbilie mbolea. Udongo ukipanda joto rangi itarudi yenyewe katika wiki moja au mbili. Nyanya zisitoke nje moja kwa moja mpaka usiku uwe unabaki juu ya nyuzi 10 (50 za Farenhaiti).

Asubuhi moja kila kitu ni cheusi, kimelegea

Jalidi. Minneapolis yenyewe, jalidi ya mwisho kwa wastani huja kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei, viunga vya nje na mabondeni baadaye. Wastani maana yake ni kwamba kuna miaka inayochelewa. Msiitegemee ramani ya kanda za mimea ya Wizara ya Kilimo, ile iliyotolewa upya mwaka 2023. Hiyo inaonyesha ukali wa baridi ya katikati ya kipupwe, kwa ajili ya miti na maua ya kudumu. Haisemi kitu kuhusu usiku wa mwisho wa baridi mwezi wa Mei.

Kinachowaponza wengi ni utabiri. Simu inasema nyuzi 3, mtu analala. Lakini kipimo hicho huchukuliwa juu, kama kimo cha mtu, na usiku wa mbingu wazi usio na upepo hewa baridi hutelemka ikalala chini kabisa, kwenye tuta lako. Nyuzi 3 za kituo zinaweza kuwa sifuri kwenye jani. Kanuni ninayofuata ni hii: utabiri ukisema 4 au chini (39 za Farenhaiti), nyota zinaonekana na majani ya miti hayatikisiki, funika. Tumia shuka au blanketi jepesi, lifike mpaka ardhini pande zote, kwa sababu joto unalolinda linatoka kwenye udongo. Nailoni ikigusa jani inapitisha baridi. Asubuhi funua. Sukuma, vitunguu na njegere viache, havina shida.

Kama imeshatokea, maharage na mchicha panda upya, bado mapema. Nyanya iache siku chache: ikichipua kutoka chini, kata kilichokufa.

Vimesimama, havikui, vinapauka

Hapa sababu ni nyingi na watu hukimbilia mbolea kwa zote.

Anza kwa kukumbuka siku uliyochimba. Udongo wa maeneo mengi huku ni mfinyanzi, na Aprili umejaa maji ya theluji. Ukiulima hivyo unausaga, na ukikauka unatoa mabonge magumu kama matofali ambayo mizizi haipenyi mwaka mzima. Jaribio ni hili: fumbata udongo, ufanye tonge, ulibonyeze kwa kidole gumba. Likimomonyoka, lima. Likibonyea likabaki linang'aa, rudi ndani unywe chai. Kosa likishafanyika, halirekebishwi kwa kulima tena. Tandaza mboji juu sentimita tano na uwaachie nyungunyungu kazi, na mwaka huu panda kwenye tuta la kuinuliwa.

Majani ya chini yakiwa ya njano na ya juu ya kijani, ni njaa ya naitrojeni. Uliza kama ulichanganya vumbi la mbao au vipande vya miti ndani ya udongo. Vijidudu vinavyoozesha mbao hukopa naitrojeni yote ya karibu. Mbao zikae juu tu, zikiwa matandazo; mimea ipe mbolea yenye naitrojeni mpaka mkopo ulipwe.

Majani mapya ya nyanya au maharage yakijipinda, yakawa membamba, yamekunjamana kwa juu, tilia shaka dawa ya magugu. Inaweza kuwa imepeperushwa kutoka kwenye nyasi za jirani, au umeileta mwenyewe kwenye nyasi zilizokatwa kwenye uwanja ulionyunyiziwa. Mbaya zaidi ni samadi. Kuna dawa za malishoni, aminopiralidi mojawapo, zinazopita tumboni mwa ng'ombe na farasi bila kuvunjika na hukaa kwenye mboji muda mrefu. Samadi ya bure ya farasi inavutia sana, ila ijaribu kwanza: changanya na udongo wa kuoteshea kwenye vikopo vitatu, panda maharage, na vikopo vingine vitatu bila samadi. Ngoja majani ya kweli yatoke. Yakipinda kwenye vya kwanza tu, usiiingize uani.

Nyanya zikinyauka ghafla upande mmoja wa bustani ingawa maji yapo, angalia juu. Mjozi mweusi, mti mkubwa unaoangusha matunda ya kijani ya mviringo yenye kokwa jeusi gumu ndani, hutoa kemikali inayoua nyanya, bilinganya na pilipili ndani ya eneo la mizizi yake. Hauna dawa. Hama, au panda kwenye vyombo vyenye kitako.

Imeliwa. Nani?

Soma jeraha. Shina limekatwa safi, mshazari, chini ya goti: sungura. Limechanwa, lina nyuzinyuzi, juu zaidi: kulungu, ambaye hana meno ya mbele ya juu na hulazimika kuvuta. Mche umelala mzima, umekatwa sawa na ardhi usiku: sota, na ukifukua karibu na shina utamkuta amejikunja. Matundu mengi madogo kwenye sukuma na nyanya chungu, na vidudu vyeusi vinaruka ukigusa: hao hawangoji, wanaweza kumaliza miche midogo ndani ya siku chache. Mashimo makubwa na ute unaong'aa: konokono wasio na gamba. Mashimo makubwa bila ute, na kinyesi cha kijani kwenye mikunjo ya jani: viwavi wa kipepeo mweupe wa kabichi.

Kwa sungura hakuna sabuni wala pilipili ya kudumu, ni uzio tu: waya wa matundu yasiyozidi sentimita 2.5, kimo cha sentimita 60, na chini ufukiwe sentimita kumi hivi. Weka siku ile ile unayopanda, usisubiri uone hasara. Kulungu anataka uzio wa zaidi ya mita mbili, kwa hiyo mjini watu wengi huzungushia tuta wavu wa juu na kuvumilia. Sota anazuiwa na kola ya karatasi ngumu kuzunguka shina, ile roli ya karatasi ya msalani ikikatwa vipande inafaa, ikizama sentimita mbili ardhini. Vidudu vya kuruka na kipepeo vinazuiwa na kitambaa chepesi cheupe cha kufunikia mazao, kikibanwa na mawe pande zote tangu siku ya kwanza. Mvua na mwanga vinapita. Maboga yakianza kuchanua kifunue nyuki waingie. Konokono watege kwa ubao uliolazwa chini usiku; asubuhi ugeuze ubao.

Mwizi mwingine ana miguu miwili na nia njema. Mchicha una ndugu zake wanaoota huku kama magugu, na Wamarekani wengi wanayang'oa wakiyaona. Mwambie jirani, na yule anayekuja kukata nyasi, kwamba kile kitu ni chakula. Kibao kidogo kinasaidia.

Maua yapo, matunda hapana

Nyanya huangusha maua usiku ukishuka chini ya nyuzi 13 (55 za Farenhaiti) au mchana ukipita 32 (90). Subiri hali ya hewa itulie. Majani yakiwa mengi, ya kijani iliyokolea na maua machache, umezidisha naitrojeni. Maboga huanza na maua ya kiume tu, yenye kikonyo kitupu. Ya kike, yenye kiboga kidogo nyuma yake, hufuata baadaye. Na tunda la nyanya likiwa na doa jeusi chini ni kuoza kitako. Kalisi haifiki kwenye tunda, mara nyingi kwa sababu maji yanakuja kwa kiu na mafuriko. Maganda ya mayai hayatakusaidia msimu huu, yanachukua muda mrefu kuoza. Tandaza nyasi kavu zisizo na dawa na mwagilia sawasawa, karibu milimita 25 kwa wiki ukihesabu na mvua.

Dania imetoa maua kabla sijaila, mbaazi haitoi kabisa

Zote mbili zinajibu urefu wa siku. Juni hapa mchana unapita saa 15. Dania ikiona siku ndefu na joto hukimbilia mbegu, kwa hiyo ipande Aprili, kidogo kidogo kila wiki mbili, kisha tena Agosti. Spinachi vivyo hivyo. Mbaazi na rozela ni kinyume chake: nyingi ya aina za kwetu husubiri siku zifupike ndipo zichanue. Huku siku zinafupika vya kutosha Septemba, na jalidi inafika Oktoba, wakati mwingine kabla. Utapata kichaka cha kupendeza kisicho na hata ganda moja. Rozela ilime kwa ajili ya majani yake machachu, yanapikika vizuri. Mbaazi mbichi zinauzwa zikiwa zimegandishwa kwenye friji za maduka ya Kihindi, na nafasi ile uipe kunde.